Upelelezi, majini au mwisho wa dunia: presha ikipanda usome kipi?

Mwaka juzi mama yangu alilazwa wiki tatu na siku mbili, na mimi ndo nilikuwa nakaa nae mchana maana dada yuko Mwanza na kaka anaingia kazini saa moja asubuhi. Waliowahi kuuguza wanajua, yaani kazi yenyewe ni kusubiri tu, unasubiri daktari apite, unasubiri majibu ya vipimo, unasubiri muda wa kuona wagonjwa uishe utolewe ukasubiri tena nje kwenye benchi. Watu walinipa vya kusoma kwa upendo kabisa. Rafiki yangu alileta kitabu cha kutia moyo chenye kurasa za kujaza malengo yako ya mwaka, mwingine akawa ananitumia vichekesho kwenye simu kila asubuhi. Nilijaribu vyote. Nikifika ukurasa wa nne nasikia hasira, siwezi hata kueleza hasira ya nini.

Kilichonishika ni riwaya chakavu ya mauaji niliyonunua elfu tatu kwa mzee mmoja anaepanga vitabu chini pale Posta, Dar, jalada la nyuma lilishachanika. Mtu ana mama mgonjwa kitandani anasomaje habari za maiti? Nilijiuliza hivyo mara nyingi. Ila ndo kitu pekee wiki zile kilichonifanya nivute pumzi mpaka chini.

Tangu hapo nimesoma sana hadithi za giza, za upelelezi, za majini, za majasusi, za dunia kuisha, na watu wangu wa karibu wameshazoea kuniuliza, dada nipe kitabu cha kutuliza akili. Na mimi kabla sijajibu nauliza kwanza, stresi yako ni ya namna gani? Maana hazifanani, na hizi hadithi pia hazifanani, ukichukua isiyo yako utaongeza tatizo juu ya tatizo. Ndo maana naandika huu ulinganisho.

Kwanza, giza au vya kufurahisha?

Hadithi ya furaha inakudai uwe sawa ndo uifurahie. Ukiwa umevurugwa inakuwa kama kwako kuna msiba afu nyumba ya pili wamefungulia muziki wa kitchen party, hawana kosa lolote, ila unaumia. Kitabu cha kutia moyo ndo zaidi, kwasababu kila ukurasa kinakuambia ukibadilika wewe mambo yatabadilika, na mimi nilikuwa nimekaa mbele ya dripu, ningebadilika nini? Hadithi ya giza haikudai chochote. Inaanza kwa kukubali kwamba ndio, kuna jambo baya limetokea, una haki ya kuogopa, kaa hapa tuliangalie wote.

Afu kuna hili la mipaka. Hofu ya kwenye riwaya ina kurasa 150, ina mwanzo na ina mwisho, ukizidiwa unafunga unaiweka chini ya mto. Hofu ya rejesho la kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, haina ukurasa wa mwisho, inalala na wewe inaamka na wewe, inakufuata mpaka ndani ya basi la mwendokasi umesimama mguu mmoja kutoka Kimara. Akili inapata nafuu kubwa ikipewa hofu ambayo imeshikika.

Na mwili nao. Wasiwasi wa kila siku haufiki kileleni, unachemka kwa moto mdogo tu miezi na miezi. Hadithi ya kutisha inapandisha mapigo ya moyo mpaka juu kabisa, pumzi inakuwa fupi, halafu hatari inapita na mwili unashuka, mabega yanalegea, unagundua ulikuwa umekaza taya tangu asubuhi. Bibi zetu walilijua hili bila kwenda chuo. Bibi yangu Muheza alikuwa anatuhadithia zimwi linalomeza watoto, tunajikunja kwenye mkeka tunapiga kelele, akimaliza tunamwambia bibi, tena, lile lile la zimwi. Hakuna alieomba hadithi ya mtoto mtulivu aliefaulu darasani.

Wakati wa corona kuna watafiti walilipima hili, Coltan Scrivner wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake, wakahoji watu 310 miezi ile ya mwanzo ya 2020 na utafiti ukachapishwa 2021. Waliojiita wapenzi wa filamu za kutisha waliripoti msongo mdogo kuliko wengine, na wale wa mambo ya mazombi na dunia kuisha walikuwa na utayari zaidi. Utafiti kama huo hauthibitishi kwamba filamu ndo iliyowaimarisha, inawezekana ni watu wagumu tangu awali, ila kwa mtu kama mimi nilieona kwa macho yangu kilichotokea pale kwenye benchi, nilivyousoma nilisikia nimeeleweka.

Upelelezi na hadithi za kutisha, hapa ndo penye uamuzi mkubwa

Watu wengi wanaziweka kapu moja kwasababu zote zina damu. Hapana. Upelelezi unakupa jibu, hadithi ya kutisha inakupa kilele. Ukishika hilo umeshamaliza nusu ya kazi ya kuchagua.

Kama kinachokutesa ni kutokujua, yaani unasubiri vipimo, unasubiri majibu ya intavyuu, mume amebadilika na hujui kwanini, basi chukua upelelezi. Mule ndani kila swali linalofunguliwa linafungwa. Kuna mtu kafa, kuna vurugu, kila mtu anadanganya, halafu anatokea mtu mmoja mtulivu anaeuliza maswali madogomadogo, saa ilikuwa inasoma ngapi, kikombe kilikuwa upande gani, na mwisho anawakalisha wote sebuleni anaeleza moja baada ya jingine. Hujui inavyotuliza mpaka uwe umekaa siku tisa hakuna anaekueleza kitu kikaeleweka.

Sio bahati mbaya kwamba hadithi za namna hii zilishamiri Uingereza baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, nchi imezika vijana wake, watu wanataka japo kwenye karatasi kifo kiwe na maelezo. Agatha Christie mwenyewe, yule mwandishi maarufu wa upelelezi, riwaya yake ya kwanza aliiandika 1916 vita ikiendelea, alikuwa anafanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali kule Torquay, ndo alikojifunzia habari za sumu, na mpelelezi aliemuumba ni mkimbizi kutoka Ubelgiji, kama wale wakimbizi halisi waliokuwa wamejaa mji ule. Kitabu kikatoka 1920.

Na sisi tunae mpelelezi wetu, Bwana Msa jamani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta kwenye Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, mtu wa kiko na fikra za taratibu, na kinachonigusa mimi ni kwamba pale ambapo watu wameshakubali ni mambo ya mzimu, yeye anatafuta mkono wa binadamu. Kwa mtu ambae ndugu wameshaanza kumwambia huu ugonjwa sio wa kawaida, kuna mtu kautuma, kumsikia mtu kwenye kitabu anasema ngoja tuangalie ushahidi, aisee ni kama kupewa maji ya baridi.

Kasoro yake ni moja, upelelezi unataka kichwa kishike majina. Ukiwa umechoka kiasi kwamba unasoma aya moja mara tatu hujui nani shemeji wa nani, utaona umeshindwa hata kusoma. Hapo ndo hadithi ya kutisha inashinda. Yenyewe haitaki hesabu. Kuna nyumba, kuna mlango, kuna kitu nyuma ya mlango, unaelewa hata ukiwa hujalala. Inafaa kwa stresi ya kubanwa, ile ya mtu anaerudi nyumbani saa nne usiku baada ya foleni ya Mandela, bosi kamfokea, kodi ya miezi sita inakaribia, na hana pa kupigia kelele. Dakika ishirini za hadithi fupi ya kutisha zinamtoa ile kelele bila kumfokea mtoto.

Ila sikiliza, hadithi za majini zina jambo lake huku kwetu na nalisema kwa heshima. Hii tiba inafanya kazi kwasababu sehemu ya akili yako inajua ni ya kutunga. Kuna watu kwao jini sio la kutunga, wameliona kwao, wameuguza mtu, wamesomewa visomo. Mwenzangu mmoja wa kazini alisikiliza simulizi ya jini mahaba akiwa kwenye ndoa ngumu akakaa wiki nzima anawasha taa usiku, kwasababu kile kitu kwake kilikuwa habari. Mtu wa hivyo simpi majini hata kidogo, nampa zombi au mzuka wa jumba la kale la Ulaya, kitu ambacho hakiwezi kuhamia Tandika. Umbali ndo unaofanya hofu iwe mchezo. Na hata kama huamini, umeme ukikatika na uko peke yako, chukua upelelezi, majini yasubiri asubuhi.

Dunia kuisha

Hizi zinafaa pale tatizo linapokuwa sio lako peke yako. Corona ilivyoingia, filamu ya Contagion ya 2011, inayohusu kirusi kinachosambaa dunia nzima, ilirudi ghafla kwenye orodha za filamu zinazotafutwa, miaka tisa baada ya kutoka. Wengi walishangaa, watu wamefungiwa na ugonjwa halafu wanaangalia ugonjwa. Mimi naelewa kabisa. Kipindi kile Dar kila mlango wa duka una ndoo ya kunawia, grupu zote za WhatsApp zimejaa sauti za watu hujui nani mkweli, mtu anataka kuona jambo zima kwa masaa mawili, lilianzaje, watu walifanya ujinga gani, nani alitulia, liliishaje. Ni mazoezi. Unajiuliza mimi ningefanya nini, na ile kujiuliza tu inakutoa kwenye kuganda.

Shida ni kwamba nyingi ni ndefu na nyingine zinaishia gizani kabisa, hakuna aliebaki. Kwa hiyo kwenye aina hii peke yake naruhusu kuuliza mwisho kabla hujaanza, muulize alieisoma, watu wanabaki? Akisema hakuna, na wewe huna akiba ya matumaini wiki hii, iache. Vitabu vyake vya Kiswahili ni vya kutafuta sana, utapata filamu zaidi, na hapa nasifia zile zilizotafsiriwa, zile za kibanda umiza, yaani vibanda vya mtaani vya kuonyesha filamu, maana ile sauti ya mtafsiri anaeongea juu ya filamu nzima inakuwa kama mjomba amekaa pembeni yako anakuelekeza, zombi likitokea yeye kashakuambia, mwanangu angalia mlango huo. Hofu inapungua nusu na raha inabaki palepale.

Ujasusi sina mengi. Unampa mtu mwendo. Kama unajihisi umekwama na huna nguvu juu ya chochote, soma mtu anaeamua na kutenda kila baada ya kurasa tatu. Jasusi Willy Gamba wa mwandishi Elvis Musiba alianza 1974 kwenye Kufa na Kupona, enzi zile Dar ni makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika, iliyosaidia wapigania uhuru wa nchi zilizokuwa bado zinatawaliwa, na mtu wa Dar kusoma mji wake ukiwa kitovu cha mambo makubwa namna ile inanyanyua kifua. Kwa huzuni ya msiba lakini simpi mtu, kasi ile haikai na huzuni.

Kitabu, simulizi ya sauti, au zile za "itaendelea"

Hili watu wanalipuuza na mimi naliona kubwa kuliko hata aina ya hadithi.

Simulizi za episodi za Facebook na WhatsApp ni tamu, waandishi wake wengi wana kipaji cha kweli na nawaheshimu. Lakini kwa mtu mwenye wasiwasi ni chaguo baya kuliko yote, kwasababu ile dawa yenyewe iko kwenye mwisho, na pale mwisho ndo unaouzwa. Umefika mlango unafunguka, sehemu ya 12, itaendelea, anaetaka yote atume elfu moja. Sasa mtu alielala na wasiwasi wa rejesho unamuongezea na wa mlango? Nilifuatilia moja kipindi mama ameruhusiwa, mwandishi akapotea sehemu ya 31, mpaka leo yule binti yuko kisimani. Ukizipenda, subiri iishe ndo uinunue nzima.

Simulizi za sauti ni nzuri kwa barabarani na jikoni, mikono iko huru, na kwa wale ambao macho yamechoka. Angalia tu zile zilizojazwa milio, mlango unagongwa kwenye spika za masikioni umesimama kituo cha Manzese, utaruka. Na zinakula bando.

Kitabu cha karatasi kwangu kinashinda, na sababu sio kuringa. Simu ndo inakoingilia stresi yenyewe. Meseji ya mkopo inaingia humohumo, ya bosi humohumo, ya shangazi anaeuliza mchango humohumo. Unasoma Bwana Msa ameshika kiko, juu ya skrini inashuka "ndugu mteja deni lako". Umerudishwa mwanzo. Karatasi haiingiliwi na meseji. Chini pale Posta elfu tatu mpaka elfu tano unapata, na Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi unaweza kukaa ukasoma bila kubughudhiwa na mtu.

Na kuna kimoja nakikataza kabisa, habari za kweli za mauaji mtandaoni. Watu wanasema si ni yaleyale. Sio yaleyale hata kidogo. Kwenye riwaya hakuna mama yake marehemu anaesoma komenti. Kwenye habari ya kweli yupo. Halafu mara nyingi hakuna jibu, kuna tetesi tu, na ukifungua moja simu inakuletea kumi. Utaingia na wasiwasi wa kazi utoke unaogopa bodaboda.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa haraka namjibu hivi. Unasubiri majibu, upelelezi, wa karatasi, ulioisha. Umebanwa una hasira huna pa kuitolea, hadithi fupi ya kutisha, mchana au kabla ya saa tatu usiku, na iwe ya mbali na kwenu. Mji mzima umeingia hofu, dunia kuisha yenye watu wanaobaki. Umekwama, ujasusi. Una msiba wa wiki hii, usisome chochote chenye maiti kwa sasa, kaa na watu, mwezi unaofuata ukitamani upelelezi utajua mwenyewe. Na kama hulali wiki mbili, huli, au unawaza kujidhuru, hapo kitabu hakitoshi, tafadhali ongea na mtu leo, nenda hospitali, hata mimi nilifika sehemu nikaongea na nesi mmoja kule wodini na alinisikiliza vizuri.

Mama sasa. Siku ya kumi na moja alinikuta nimeinamia kile kitabu, akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "Unasoma nini mwanangu mbona umenuna hivyo?" Nikaona aibu kumwambia. Nikasema, "Ni hadithi tu mama, kuna mtu ameuawa shambani kwake." Akanyamaza. Nikajua nimekosea. Halafu akasema, "Nisomee."

Nikamsomea, kwa sauti ya chini kwasababu ya wenzetu wa vitanda vya jirani, ila baada ya siku mbili mama wa kitanda cha pili akaomba nisogeze kiti katikati. Wakawa wanabishana. Mama yangu hakumuamini mganga tangu alipotokea, yule mwenzie akasema hapana, ni mke mdogo, mbona analia sana. Daktari akipita asubuhi wananyamaza, akitoka tu, "Haya, tuliishia wapi?" Siku ya majibu ya vipimo tulikuwa tumebakisha kurasa kumi na nne. Nilitaka kumalizia kabla hawajaja, mama akanishika mkono, akasema acha, tukirudi nayo hayo majibu, yoyote yatakayokuwa, nataka tuwe na kitu cha kusoma.

Alikuwa ni mganga.